Mwezi Uliokatwa Uhesabiwe

BARUA YA WAZI

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na hifadhi ya jamii, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania;
Kwa Bodi za Wadhamini za NSSF na PSSSF.
Nakala: Chama cha Waajiri Tanzania (ATE) na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanzania (TUCTA).

Waheshimiwa,

Mshahara wa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara hugawanywa kabla haujamfikia mwenyewe. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), Namba 28 ya mwaka 1997, inataka asilimia 20 ya mshahara ghafi iwasilishwe NSSF kila mwezi, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya mchango huo. Kwa watumishi wa umma, walio chini ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), jumla ni asilimia 20 ile ile, ila inahesabiwa kwenye mshahara wa msingi, na mtumishi hukatwa 5 huku mwajiri akitoa 15. Mwajiri ana mzigo mwingine asioruhusiwa kumtwisha mfanyakazi: asilimia 0.5 ya mishahara kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na akiwa na wafanyakazi 10 au zaidi, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023.

Kwa mfanyakazi anayelipwa shilingi 600,000, hesabu inakwenda hivi. NSSF inamkata 60,000. Kodi ya mapato, PAYE, inatozwa kwenye 540,000 zilizobaki, kwa kuwa mchango wa pensheni huondolewa kwanza. Kodi hiyo ni 24,000. Anaondoka na 516,000. Upande wa pili wa meza, mwajiri anaongeza 60,000 za NSSF, 3,000 za WCF na 21,000 za ufundi stadi, hivyo mtu huyu anamgharimu 684,000. Kati ya fedha hizo zote, 120,000 ndizo zinazotakiwa kumlinda uzeeni, akiumia asiweze tena kufanya kazi, akijifungua, akipoteza ajira, au akifa na kuacha wategemezi.

Utaratibu huu kwenye karatasi ni mzuri, na barua hii haiupingi. Inapinga pengo moja lililo ndani yake: fedha iliyokatwa ambayo haikufika, na mwanachama anayebebeshwa hasara ya kosa asilolifanya. Hoja na maombi yamepangwa kwa namba ili yajibiwe kwa namba.

1. Mchango ni mshahara, si fadhila ya mwajiri.

Bima ya jamii inayochangiwa kupitia mishahara ilianzia Ujerumani ya Bismarck: bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali mwaka 1884, ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Mgawanyo wa gharama uliwekwa kwa sababu. Ajali ililipiwa na waajiri peke yao, kwa kuwa wao ndio wenye mitambo na ndio wanaoweza kuifanya iwe salama. Uzee uligawanywa nusu kwa nusu, Serikali ikiongeza chake. Mgawanyo huo bado unaonekana Tanzania: WCF ni ya mwajiri pekee, NSSF ni ya wote wawili.

Tanganyika ilianza mwaka 1964 na mfuko wa akiba, NPF, ambamo kila mtu alikuwa akiweka chake na kupewa chake kwa mkupuo. Mwaka 1998 NPF ilipogeuka NSSF, akiba ikageuka bima. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwenye akiba akiishi miaka mingi baada ya kustaafu, fedha humwishia. Mwenye bima hulipwa mpaka kufa, kwa sababu wengi wanabeba pamoja hatari ambayo mmoja hawezi kuibeba. Lakini bima ina sharti ambalo akiba haina: haki ya mwanachama inapimwa kwa miezi iliyoandikwa. Mwezi usioandikwa haupo.

Kuhusu ile nusu ya mwajiri, wachumi wengi wanakubaliana kwamba kwa sehemu kubwa humrudia mfanyakazi kwa njia ya mshahara mdogo zaidi. Mwajiri anapopanga kuajiri anaangalia 684,000, haangalii 600,000. Asilimia 20 yote, basi, ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa, ambao malipo yake yameahirishwa. Kumnyima mtu mshahara wa Machi ni kosa ambalo kila ofisa wa kazi analielewa papo hapo. Kutowasilisha mchango wa Machi kunachukuliwa kama suala la mhasibu na mfuko, mambo ya makaratasi, na mwenye fedha hata hajulishwi.

2. Mwezi mmoja una thamani, na sheria yenyewe inaitaja.

Pensheni ya uzee inahesabiwa kwa kikokotoo: sehemu moja ya 580 ya wastani wa mshahara kwa kila mwezi uliochangiwa, wastani ukitokana na miaka mitatu yenye mshahara bora. Na ili pensheni ya kila mwezi iwepo kabisa, mwanachama anatakiwa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15.

Mfanyakazi yule wa 600,000, akifanya kazi miezi 200 na yote ikawasilishwa, anastahili sehemu 200 za 580, ambazo ni karibu shilingi 206,900 kwa mwezi kabla ya kuondoa sehemu inayolipwa kwa mkupuo. Sasa achukuliwe mwenzake aliyefanya kazi miezi 200 hiyo hiyo na kukatwa miezi 200 hiyo hiyo, ila kampuni ya pili aliyopitia haikuwasilisha miaka miwili. Miezi yake iliyoandikwa ni 176. Huyu hapunguziwi pensheni. Anaikosa kabisa, na analipwa mkupuo wa mara moja badala ya malipo ya maisha. Miezi 24 ya mwajiri mmoja imefuta miaka 16 na miezi 8 ya jasho.

Fao la kukosa ajira nalo linadai angalau michango ya miezi 18 ili mwanachama alipwe theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Kampuni inayofilisika mara nyingi huanza kuacha michango kabla ya kuanza kuacha mishahara. Anayeachishwa kazi na kampuni ya namna hiyo ndiye hasa fao lilitungwa kwa ajili yake, na ndiye anayekutwa na pengo siku ya kudai.

Nchi nzima ilibishana kuhusu kikokotoo. Kanuni za 2018 zilizoweka mkupuo wa asilimia 25 zilizua hasira hadi Rais John Magufuli akazisitisha Desemba mwaka huo, na Julai 2022 ukaja mkupuo wa asilimia 33. Mabishano yale yalikuwa ya haki. Hata hivyo inashangaza kwamba yote yalihusu jinsi ya kugawa pensheni, na karibu hakuna aliyeuliza ni miezi mingapi imeingia kwenye hesabu kabla ya kugawa.

3. Asiyewasilisha anakopa bila kuomba, na anamwangusha mwajiri mwadilifu.

Sheria inampa mwajiri mwezi mmoja baada ya mwisho wa mwezi wa mshahara awe ameshalipa, na kuchelewa kunamletea tozo. Kampuni yenye watu 40 wa mshahara ule ule wa 600,000 inatakiwa kuwasilisha shilingi 4,800,000 kila mwezi. Isipowasilisha mwaka mzima, imejipatia 57,600,000 za kuendeshea shughuli bila kwenda benki, bila dhamana na bila kumwomba mtu yeyote. Nusu ya mkopo huo imetoka moja kwa moja kwenye mifuko ya wafanyakazi waliokwisha kukatwa.

Wapo waajiri, na ATE inawajua, wanaolipa kila mwezi hata miezi ya ukame wa biashara. Hawa wanashindana kwenye zabuni na mtu ambaye gharama yake ya kazi iko chini kwa sababu hiyo tu. Anayeshinda kwa bei ya chini ya usafi, ulinzi au ujenzi huenda ameshinda kwa michango ya walinzi na vibarua wake. Na pale Serikali inapotangaza msamaha wa tozo kwa wadaiwa sugu, aliyelipa kwa wakati hapati hata barua ya shukrani, na mwenye deni anajifunza kwamba kusubiri kunalipa.

4. Mfanyakazi amepewa kazi ya upelelezi.

Katika utaratibu wa sasa mwanachama anatarajiwa aangalie taarifa zake mwenyewe, agundue pengo mwenyewe, amfuate mwajiri mwenyewe, na akishindwa aende ofisi ya mfuko na hati zake za mshahara. Mifuko imeweka njia za kuangalia michango kwa simu, na hilo ni jambo jema. Lakini anayegundua pengo akiwa bado kazini yuko kwenye mtego: akilalamika anaweza kupoteza kibarua, akinyamaza deni linakua. Wengi hunyamaza, na wanaojitokeza ni wale waliokwisha kuondoka, mara nyingi baada ya kampuni kufungwa na wakurugenzi kuanzisha nyingine kwa jina jipya.

Hali ni mbaya zaidi kwa walioajiriwa kupitia mawakala, wanaofanya kazi kwenye lango la kampuni moja huku mkataba wao ukiwa na kampuni nyingine. Kila upande unasema mchango ni wa mwenzake. Vibarua wa siku wengi hawana hata hati ya mshahara. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari limeachwa mikononi mwa mdaiwa.

5. Nchi nyingine zimeamua hasara iwe ya nani.

Ujerumani imelimaliza suala hili ndani ya sheria yake ya pensheni. Mwanachama akionyesha kwa ushahidi wa kuaminika kwamba sehemu yake ya mchango ilikatwa kwenye mshahara, mchango huo unahesabiwa kuwa umelipwa. Mfuko unabaki kupambana na mwajiri, na mzee anaanza kulipwa.

Marekani, ambako bima ya jamii iliwekwa na sheria ya mwaka 1935, mfanyakazi na mwajiri kila mmoja hutoa asilimia 6.2 kwa pensheni na 1.45 kwa matibabu ya wazee. Haki ya mfanyakazi hufuata mshahara aliopata. Mwajiri kutowasilisha hakumwondolei haki hiyo iwapo anaweza kuthibitisha kwamba alilipwa. Zaidi ya hapo, fedha iliyokatwa kwa mfanyakazi inahesabiwa kuwa ya amana, na ofisa aliyekuwa na mamlaka ya kuilipa akaamua kwa makusudi kulipa madeni mengine anaweza kudaiwa binafsi fedha hiyo yote. Kampuni kufilisika hakumsaidii.

Itasemwa kwamba hizo ni nchi tajiri. Lakini kanuni yenyewe haihitaji utajiri. Kati ya mfuko wenye mawakili, wakaguzi na nguvu ya sheria, na mlinzi wa usiku mwenye simu ya tochi, inauliza tu ni nani anayeweza zaidi kumdai mwajiri.

6. Ushahidi tayari uko serikalini.

Pingamizi zito ni la udanganyifu: mtu anaweza kuchapisha hati bandia ya mshahara na kudai miaka asiyoifanyia kazi. Hofu hiyo ina msingi. Ina jibu pia, nalo liko Mamlaka ya Mapato.

Mwajiri anapowasilisha ritani ya PAYE kila mwezi, anaonyesha mshahara wa wafanyakazi wake na mchango wa pensheni alioutoa kabla ya kukokotoa kodi. Kwa yule wa 600,000, kodi ni 24,000 kwa sababu tu 60,000 zimetangazwa kuwa mchango. Bila hiyo kodi ingekuwa 36,000. Kwa maneno mengine, mwajiri aliyekata na kukaa nazo ameiandikia Serikali kwa maandishi kwamba amekata, na amepunguza kodi kwa maandishi hayo. Hakuna hati ya mfanyakazi inayoweza kuwa na nguvu kuliko ungamo la mwajiri mwenyewe. Ofisi moja ya umma inaamini kwamba mchango upo na inasamehe kodi yake. Ofisi nyingine ya umma inamwambia mwanachama kwamba mchango haupo. Haiwezekani zote mbili ziwe sahihi, na kwa sasa anayelipia utata huo ni mwanachama.

7. Kinachoombwa.

Wizara inaombwa kupeleka bungeni marekebisho ya sheria za NSSF na PSSSF yenye kifungu kimoja kinachosomeka bila utata: mwezi ambao sehemu ya mwanachama imekatwa utahesabiwa kuwa umechangiwa, kwa masharti ya kupata fao na kwa kikokotoo, hata kama mwajiri hajawasilisha. Ushahidi uwe ritani ya PAYE, na pale ritani isipokuwepo, hati ya mshahara ikisaidiwa na mkataba au taarifa ya benki.

Mifuko na Mamlaka ya Mapato vilinganishe orodha zao kila mwezi, jina kwa jina. Tofauti ikionekana, ujumbe wa simu umwendee mwanachama bila yeye kuomba, ukitaja mwezi na kiasi. Mabenki hufanya hivi kwa muamala wa shilingi elfu mbili.

Sehemu iliyokatwa kwa mfanyakazi itambuliwe kisheria kuwa amana, isiyoweza kuchanganywa na mali ya kampuni, na wakurugenzi na maofisa wa fedha walioidhinisha malipo mengine mbele yake wadaiwe kutoka mali zao. Sehemu ya mwajiri inaweza kubaki deni la kampuni. Tofauti hii ni ya haki, kwa kuwa anayeshindwa kutoa chake na anayekalia cha mwenzake si sawa.

Zabuni za umma, kuanzia halmashauri hadi wizara, zisitolewe wala kulipwa bila uthibitisho wa michango ya miezi mitatu iliyotangulia, pamoja na ya wafanyakazi wa mawakala. Atakayetumia wafanyakazi wa wakala awajibike kwa michango yao wakala akishindwa. Hilo peke yake lingebadilisha biashara ya ulinzi na usafi ndani ya mwaka mmoja.

Misamaha ya tozo, kama ni lazima iwepo, isitolewe kabla deni la msingi halijalipwa lote na miezi ya kila mwanachama kuandikwa. ATE inaombwa kuliunga mkono hili hadharani, kwa faida ya wanachama wake wanaolipa.

Bodi zitaeleza, na kwa haki, kwamba kuhesabu michango isiyofika kunaongeza madeni ya mfuko. Ni kweli. Gharama hiyo haizaliwi na pendekezo hili, hata hivyo. Ipo leo, ila imehifadhiwa kwenye nyumba za wastaafu, mahali ambapo hakuna mkaguzi anayeiona. Ikihamia kwenye vitabu vya mfuko, mfuko utakuwa na sababu ya kuifuatilia. Wanachama waliotazama fedha zao zikilala kwenye mradi wa nyumba wa Dege, Kigamboni, uliosimama mwaka 2016, watakuwa na haki ya kuuliza kwa nini hasara ya uwekezaji inabebwa na mfuko mzima na hasara ya mwajiri mkaidi ibebwe na mtu mmoja.

8. Serikali kama mwajiri.

Ombi la mwisho linaihusu Serikali yenyewe. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali wenye haki ya pensheni hawakuwa wakichangia. Pensheni zao zililipwa kutoka hazina. Mfuko wao wa pensheni, PSPF, ulipoanza, ulitwishwa kuwalipa kwa utumishi wao wote, ikiwemo miaka isiyochangiwa, na deni hilo likaudhoofisha kwa miaka mingi hadi mifuko ya umma ilipounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Baadaye Serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Ilikuwa hatua ya kiungwana, na inathibitisha jambo ambalo barua hii inalidai kwa wengine: watumishi wale walihesabiwa miaka yao kwanza, deni likafuatiliwa baadaye. Mlinzi wa usiku na mtumishi wa wizara wanastahili kanuni moja.

Kinachobaki ni michango ya watumishi wanaolipwa na halmashauri na mashirika ya umma kwa mapato yao ya ndani, ambayo huchelewa pale makusanyo yanapopungua. Wizara inaombwa kuchapisha kila robo mwaka orodha ya taasisi za umma zinazodaiwa na mifuko, kila moja kwa jina na kwa idadi ya miezi, na kutenga fungu la kulipa madeni hayo katika bajeti inayofuata, kabla orodha ya waajiri binafsi haijapelekwa mahakamani.